Kivuli cha Kituo cha Basi na Maadui Zake

Ijumaa, 4 Julai

Nalubega, binti wa Kiganda anayetusaidia nyumbani, amerejea kutoka kanisani mtaa wa Ghala (huku ibada yao huwa Ijumaa, siku ya mapumziko) kichwa kikimgonga. Kituo cha basi cha mtaa wetu hakina kivuli cha kumtosha hata paka. Amesema, "Baba, jua likiendelea hivi, kanisa nitaacha." Nimeguswa! Nimemwahidi kivuli. Khulood, binti wa ndugu yangu, akauliza kwa nini nisimpeleke kwa gari. Nikamweleza kwamba asubuhi ya Ijumaa ndio wakati wangu wa kutunga.

Jumamosi, 5 Julai

Ombi nimelituma katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Dibaji tukufu: hamdu, sala, dua kwa wazee waliotangulia mbele ya haki, kisha heshima kwa kila nyumba kwa daraja yake. Kivuli nimekitaja mwishoni, kama inavyostahiki. Hakuna aliyefika mwishoni. Wameandika "Amin." Wengine, "Inna lillahi." Bi Wadha, jirani wa nyuma, amepiga simu kuuliza maziko ni saa ngapi.

Jumapili, 6 Julai

Nimefafanua. Heri nisingefafanua! Khattab, jirani wa mkabala, asiyepata kuanzisha jambo isipokuwa injini ya gari, ameandika: "Sheikh Mahfoudh, jua lipo tangu Nabii Adam. Wewe nani ulizime?" Wakafuatia wenziwe: haitowezekana, nani atakusikiliza, na vikatuni vya kucheka hadi machozi. Samaki wa mchana nimemwacha nusu. Hivi hawajui kwamba neno moja la kuvunja moyo huangusha kazi ya umma?

Jumanne, 8 Julai

Khulood ameanzisha ombi lake bila ya kunishauri! Picha ya Nalubega juani, mkoba kichwani, na mistari miwili: "Kina dada hawa wanasimama juani. Tuwaombee kibali cha kivuli. Nani ataweka jina?" Bila hamdu. Bila dibaji. Na majina yanamiminika! Hatem, mwenye karakana Ghala, ameahidi chuma na turubai bure. Nalubega anaimba jikoni. Mimi nimenyamaza kwa heshima.

Jumatano, 9 Julai

Kunyamaza kumenishinda. Nimemjibu Khulood hadharani, kwa upole wa mlezi: ombi lisilo na dibaji ni sawa na kubisha mlango kwa teke, hakuna ofisi itakayolisoma, afadhali asijisumbue. Khattab akadakia papo hapo: "Leo sheikh umesema!" Mara ya kwanza katika ujirani wetu! Bi Wadha akaondoa jina lake. Wengine wakamfuata. Hatem akaandika kwamba atangoja kwanza wakubwa wapatane. Magharibi Khulood akalifuta ombi. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Ami, nimechoka." Vijana wa leo hawana stahamala.

Ijumaa, 11 Julai

Nalubega hakwenda kanisani. Anakunja nguo. Imeniuma! Wavunja moyo wa mitandaoni wamemkatisha tamaa binti wa watu. Nimeanza waraka mkali dhidi yao. Khattab amekuja na halua, na ameridhia kuwa mtia saini wa kwanza. Mtu mwema kumbe!

Katikati ya kahawa Nalubega akatujia na shauri. Yeye na mwenzake Nassimbwa wangependa kumwomba mwenye mkahawa ulio karibu na kituo awaruhusu kungojea basi chini ya turubai lake. Wanachotaka kwangu ni nimtamkie neno tu yule bwana. Neno tu! Bila ya waraka! Nikamweleza kwa upole kwamba mtu yule hatokubali kamwe, asijipe matumaini. Khattab akaongeza kwamba hata akikubali, atajuta. Nalubega akasema, "Sawa, baba," akarudi kwenye nguo zake.

Utulivu umerejea. Aya ya kwanza imekaa vizuri mno: "Enyi mnaokatisha watu tamaa, hamwoni haya?"