Ghislain, Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Gazeti la mtaa lilimtangulia Ghislain kufika mkahawani kwa Firoz, kwa hiyo alipoingia alikuta kesi imeshasikilizwa, imebaki hukumu. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, 2003, Thornton Heath, huko ughaibuni. Pichani alikuwa yeye mwenyewe, msafisha ofisi kutoka Bukavu, mtu wa miaka thelathini na minane, kavaa suruali ya kubana na kofia kama ya mtoto wa shule, mkono wa kushoto umepaa juu. Chini waliandika kwamba ndiye mrushaji mpya wa timu ya besiboli ya mtaani.

Elkana, nesi kutoka Kisii waliyemwita Kamishna kwa kupenda kuhoji watu, alitaka kujua mambo yalianzaje. Ghislain akaeleza kwamba alikuwa bustanini anakula mkate, mpira ukamjia miguuni, akaurudisha. Aliyeudaka akavua glavu, akapuliza kiganja, akaja kumuuliza jina.

Na kazi yenyewe ni ipi hasa? Kurusha mpira ili mwenye gongo aukose.

"Yaani mtu ametoka kwake na gongo lake," alisema Kamishna, "halafu raha yako wewe ni akose?"

"Kabisa. Tangu nifike nchi hii, mwenye gongo nilikuwa mimi. Acha na wengine waonje."

Firoz alicheka mpaka chai ikamwagika. Magloire hakucheka. Yeye na Ghislain walisali kanisa moja, kule Peckham. Yeye shemasi, Ghislain mpiga ngoma, na mechi zote zilikuwa Jumapili. Shemasi alisema mtu mzima hamwachi Mungu kwa ajili ya mpira usiopigwa hata teke, tena kwa mkono ambao nyumbani haupokei hata chumvi. Achague.

Ghislain alikoroga chai muda mrefu.

"Ku masomo walifunga hii mukono na kamba, niandike na ule mwingine," alisema taratibu. "Mpaka leo naandika vibaya. Sasa ndio mara ya kwanza mtu ananiambia iko muzuri."

Shemasi akasema huruma ni kitu kimoja, ibada kingine. Kesho angekwenda mwenyewe kumtoa uwanjani.

Akaenda kweli, na suti na Biblia, Kamishna na Firoz nyuma yake kama mashahidi. Walimkuta Ghislain anaadhibiwa, kila anachorusha kinapigwa mpaka kinaruka uzio. Shemasi akaona hiyo ni ishara ya Mungu, akausogelea mstari wa uwanja. Hapo Ghislain akainua goti, mkono ukazunguka, na jibaba lenye gongo likapiga hewa mpaka likazunguka kama pia. Likapiga hewa tena. Mpira uliofuata lilitazama tu ukipita.

Shemasi akauliza kama huyo ametoka. Akaambiwa ametoka, maana mwenye gongo akikosa mara tatu hutoka. Akaketi kidogo, amwone na anayefuata.

Ghislain alirusha misimu sita, mpaka bega likakataa, na timu ikabeba kombe mara mbili. Lakini kwa Firoz kinachosimuliwa zaidi ni cha kiangazi kile cha kwanza. Jumapili baada ya Jumapili kiti cha shemasi kilikuwa kitupu kanisani, mpaka mchungaji akaja mwenyewe uwanjani, amekunja uso, kuwauliza kondoo wake wamepatwa na nini.

Shemasi alimsogezea nafasi kwenye benchi bila kugeuka.

"Keti kwanza, Baba," alimwambia. "Huyu anatoka sasa hivi."