Silika Haijawahi Kuua Mtu

Kibanda cha Kung'arisha Magari,
Nyuma ya Bucha, Majengo,
Meru.

Kwa Mkuu wa Afya ya Umma,

Mheshimiwa,

KUH: AFISA WAKO NA MATUMIZI MABAYA YA NENO "SILIKA"

Natumai u mzima na kifua chako hakina neno. Mimi ni Mwalimu Kithinji. Nilifundisha Kiswahili mpaka serikali iliponistaafisha, na sasa nang'arisha magari. Wenye pikapu za miraa hutoka Kangeta kuja kwetu, kwa sababu fundi wangu Ayub akishapitisha kompaundi ya kung'arishia rangi kwa mashine yake, unaweza kunyoa ndevu ukijitazama kwenye mlango wa gari.

Wiki jana afisa wako, Bi. Winrose, aliingia bila kubisha hodi. Ni kweli hatuna mlango, lakini adabu ni adabu. Alisoma kopo letu la kompaundi, akamtazama Ayub akikohoa, kisha akatangaza mbele ya wateja: "Mwalimu, hii kitu iko na silika. Vumbi yake inaharibu mapafu, na ikishaharibu hayaponi. Itamaliza huyu mzee." Nimekasirika tangu siku hiyo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Silika, Mheshimiwa, ni tabia ya kuzaliwa nayo. Paka ana silika ya kukamata panya, na binamu yangu Mwiti ana silika ya kufika wakati wa chakula. Kopo halizaliwi, kwa hiyo haliwezi kuwa na silika, njema wala mbaya. Nimelikagua mwenyewe na kukuta wameliandika neno hilo kwa c badala ya k. Kampuni isiyojua tahajia ndiyo itatufundisha habari za mapafu?

2. Alitukataza kupuliza vumbi kwa kompresa, eti tupanguse kwa kitambaa chenye maji. Maji ya Majengo huja yakipenda. Tena alitaka Ayub avae barakoa ya vichungio viwili. Ayub ni mtu wa kucheka, na wateja wengine huja kwa kicheko hicho tu. Alipoijaribu ile barakoa, mteja mmoja alidhani tunapiga dawa ya mende akaondoka na gari lake likiwa limeng'aa upande mmoja.

3. Alidai kwamba vumbi linaloua ni dogo mno, hata halionekani. Mimi ni Mmethodisti. Tayari namwogopa Mungu nisiyemwona, na hiyo inanitosha. Lile tunaloliona, jeupe, linalokaa kwenye nyusi za Ayub jioni hata akafanana na marehemu baba yake, Bi. Winrose alisema silo baya zaidi. Basi linaloonekana halina neno, na lisiloonekana halipo.

4. Hili ndilo linaloniuma. Ayub ndiye mwadhini wa msikiti wa mtaa wetu. Sijawahi kumiliki saa ya kengele. Miaka yote nimeamshwa na sauti yake, na washirika wenzangu kanisani vilevile, ingawa hawatakiri. Sasa adhana inakatika katikati. Anasimama, anakohoa, anaanza tena, nami huku nasubiri na soksi moja mguuni. Lawama zote ni za Bi. Winrose, aliyemtia hofu ya mapafu. Najua Ayub alianza kukatika tangu mvua za mwaka jana, kabla afisa wako hajafika, lakini hilo linaonyesha tu jinsi maneno yake yalivyo na madhara.

5. Ili kumaliza ubishi, nimechukua msasa nikalikwangua kopo hadi neno lile likatoka lote. Vumbi lilikuwa kidogo tu. Kwa hiyo nakuarifu rasmi kwamba kompaundi yetu haina tena silika. Naomba umrudishe Bi. Winrose darasani akajifunze msamiati, kisha umwandikie Ayub barua yenye muhuri, ukimwamuru aache kukohoa saa za kazi na saa za ibada.

Wasalimie wote ofisini, hata Bi. Winrose mwenyewe, kwani sina kinyongo. Msalimie na dereva wake. Gari lile lina matope ya aibu, alilete tulitazame.

Wako katika lugha sanifu,
Mwl. Kithinji

Tanbihi: Namshukuru Mungu sikuwa nimeifunga bahasha. Leo alfajiri ameadhini mtu mwingine. Ana pumzi nzuri, hakukatika popote, nami niliamka kwa wakati nikakaa kitandani nikiichukia sauti yake. Nilikwenda kwa Ayub. Mkewe, Kuruthumu, alinifungulia mlango bila salamu. Nilimkuta Ayub ameketi ameegemea ukuta, maana akilala pumzi inakataa, naye akaanza kuniomba radhi kwa kuchelewa kazini. "Pole, Mwalimu, nakuja tu," akasema, na maneno hayo machache yakamchosha. Niliogopa, Mheshimiwa.

Futa nambari zote tano. Kibanda nimekifunga. Tafadhali mtume Bi. Winrose arudi leo hii, na lile gari limbebe Ayub hadi hospitali akapigwe picha ya kifua. Lije na matope yake hivyo hivyo. Na Bi. Winrose akisema silika, mimi sitamsahihisha.