Uzinduzi wa Usafi wa Kina wa Pikipiki ya Shemeji Amne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi mwenyewe baada ya yule tuliyemwalika kupatwa na udhuru, Waheshimiwa Masheha na Wasaidizi wa Masheha, Wakuu wa Idara, Makaimu Wakuu wa Idara, na nyinyi mnaokaimu nafasi za makaimu, wazee wetu wa Chukwani, shikamooni (Wazee: "Marahaba."), viongozi wa dini zote, kinamama wa vikundi, vijana wa maskani, wanahabari, ingawa namwona mmoja tu na simu yake imezima, mabibi na mabwana: Assalaam aleikum, na kwa wale ambao salamu hiyo haiwahusu, habari za mchana.

(Makofi ya mstari wa mbele, ulioelekezwa tangu asubuhi.)

Naitwa Ubwa Silima, Mkurugenzi Msaidizi wa Uratibu wa Usafi wa Vyombo vya Magurudumu Mawili, na nimesimama mbele yenu, si kwa sababu ya ukubwa wangu, ambao kila mmoja wenu anaufahamu na sioni haja ya kuurudia, bali kuzindua Mradi Jumuishi na Endelevu wa Usafi wa Kina wa Pikipiki Majumbani, mradi ambao tathmini yetu ya kitaalamu inaonesha kuwa utarefusha umri wa pikipiki kwa asilimia mia moja na nne, hizo nne za mwisho zikiwa ni ziada tunayowapa wananchi bure.

(Makofi. Mtu mmoja nyuma: "Hizo nne tutilieni kwenye umeme!")

Umeme uko kwenye hotuba nyengine, ndugu yangu.

Sote tunajua hali ilivyo. Upepo wetu una chumvi, njia zetu za ndani zina vumbi la mawe, na pikipiki inayolazwa nje hapa Chukwani huamka na kutu kama mtu anavyoamka na matongo machoni. Mwananchi wa kawaida akiona hivyo huimwagia ndoo moja ya maji, akapangusa siti, akaondoka zake. Hiyo sisi wataalamu tunaiita usafi wa juujuu. Usafi wa kina ni kuingia ndani: cheni, breki, kichujio cha hewa, na sehemu nyengine muhimu ambazo nitazitaja majina yake yakishanijia.

Sasa, kwa kuwa mimi si kiongozi wa kukaa ofisini, jambo ambalo hata ofisini wanalithibitisha kwa sababu hawanioni, niliamua kufanya majaribio, yaani pailoti, nyumbani kwangu mwenyewe, Jumapili moja baada ya chai. Changamoto ya awali ilikuwa kwamba mimi sina pikipiki. Hata hivyo, kupitia ushirikiano wa wadau, ilipatikana pikipiki ya shemeji yangu Amne, mdogo wake mke wangu, ambaye anakaa nasi, na ambaye ni mkunga, na pikipiki hiyo ndiyo anayoendea kwa kinamama wanaojifungua kuanzia hapa mpaka Buyu. Mwenyewe alikuwa kalala, karudi zamu asubuhi, na ridhaa yake ilipatikana kwa njia ya ufunguo uliokuwa juu ya friji.

(Sauti ya mwanamke, mstari wa tatu: "Uliuiba!")

Huyo ndiye shemeji mwenyewe. Naomba tumpigie makofi.

(Makofi makubwa kuliko yote yaliyotangulia.)

Yanatosha. Mke wangu, Bi Faiza, alinikuta uani nimevaa msuli na fulana, bisibisi mkononi. Akaniuliza, "Baba Yusra, unajua unachokifanya?" Nikamwambia, "Mwanamme gani asiyejua kuosha pikipiki?" Akasema, "Wewe." Kauli hiyo niliipokea kama mchango wa mdau, na utekelezaji ukaendelea.

Awamu ya kwanza ilikuwa ya maji. Nilichukua mpira, nikauziba mdomo wake kwa kidole gumba ili maji yatoke kwa kasi ya kimataifa, nikauelekeza kila penye tundu. Baadaye nilikuja kufahamishwa kwamba baadhi ya matundu ya pikipiki hayakuwekwa kwa ajili ya maji. Ekzosi ni mojawapo. Hilo tumelichukua na tunalifanyia kazi.

Awamu ya pili ilihusu cheni. Cheni yenye mchanga na grisi iliyoganda haisafishiki ikiwa bado imevaliwa; ni lazima ivuliwe ilazwe kwenye mafuta ya taa, kisha isuguliwe kwa mswaki. Na huvuliwa kwa kufungua kibanio, kidude kidogo mno kinachoshika ncha zake mbili, ambacho nilikifungua kwa ustadi ambao laiti mngeuona. Nikakisugua mpaka kikang'ara, nikakianika juu ya ukuta. Cheni yenyewe nikailaza kwenye chombo maalumu.

(Bi Faiza anasimama: "Chombo maalumu! Sufuria yangu ya pilau!")

Ilikuwa sufuria. Tangu siku ile imepandishwa daraja, sasa inahudumia shughuli za kiufundi pekee. Kaa, mama, wageni wanatutazama.

(Vicheko. Bi Faiza hakai.)

Hapo ndipo pailoti ilipokumbwa na hujuma. Kunguru, ndugu wananchi. Mnawajua kunguru wetu. Alitua ukutani, akanitazama, akakitazama kile kibanio kinavyong'ara, akanitazama tena, nami nikamwambia kwa lugha ya kiutawala, "Hebu we!" Akakidonoa, akaruka nacho mpaka juu ya mnazi wa jirani, na hadi hivi leo ninapozungumza nanyi hajajitokeza kutoa maelezo.

Nikiwa chini ya mnazi ule narusha kandambili juu, katika jitihada za kurejesha mali ya mwananchi, nikasikia simu ya Amne inalia ndani. Nikamsikia anaitika: "Naam. Naam, mama. Tangu saa ngapi? Muacheni alale ubavu, msimpe kitu, nnakuja." Aliyepiga alikuwa mama mkwe wa Mwatum, yule binti mkulima wa mwani wa Buyu. Mimba yake ya kwanza, uchungu umemjia kabla ya siku zake, maji yameshamwagika, na gari ya wagonjwa imesema ipo njiani bila ya kutaja njia gani.

Amne akatoka na mkoba wa kazi begani, mtandio kaufunga kwa nyuma, akasimama mlangoni. Akaitazama pikipiki yake. Siti imeegemezwa ukutani, taa imo kwenye beseni, maji yanachuruzika kutoka pasipofaa.

"Shemeji," akasema taratibu, "cheni yangu iko wapi?"

"Iko kwenye mchakato."

"Mchakato gani?"

"Imo sufuriani."

"Basi itoe uivishe, n'na mzazi."

"Kibanio kiko kwa kunguru."

Hakupiga kelele. Mimi katika utumishi wangu wote nishapigiwa kelele na wakubwa wa kila daraja, nikazizoea kama adhana ya alfajiri, lakini kile kimya cha shemeji sijapata kukiona katika ofisi yoyote.

(Mzee mmoja: "Endelea, baba.")

Naendelea. Tukawapigia simu vijana wa bodaboda, hawakupokea. Nikampigia dereva wa gari ya ofisi, naye kimya. Ikabainika baadaye kwamba wote walikuwa Mtoni kwenye harusi, vijana wakimsindikiza bwana harusi kwa honi, na gari ya ofisi imembeba bibi harusi, ikiwa ni katika kutekeleza sera yetu ya kuishirikisha jamii. Amne hakungoja matokeo ya mawasiliano hayo. Alinitia mkoba wake mkononi akasema, "Beba," akatoka mbio. Na mimi, Mkurugenzi Msaidizi, nikabeba.

Mbele kidogo tukamkuta Munir na gari yake ya ng'ombe, kapakia makumbi ya nazi. Amne akapanda juu ya makumbi bila ya kuuliza, nami nikapanda nyuma yake.

"Mheshimiwa," Munir akasema, "ziara ya wapi hii, na msuli?"

"Buyu," Amne akamjibu. "Kuna mzazi. Mpige huyo ng'ombe!"

"Huyu hapigwi, dada. Huyu hubembelezwa."

Basi tukambembeleza. Wallahi nilimwita ng'ombe yule majina ambayo Bi Faiza hajapata kuitwa tangu nimuoe.

(Bi Faiza: "Kweli tupu!" Vicheko na vigelegele.)

Ng'ombe alijitahidi, sina lawama naye, lakini tulipofika penye mchanga mwingi akasimama akaanza kula majani ya pembeni. Amne akaruka chini, akavua viatu, akakimbia. Nami nikashuka nikakimbia nyuma yake, mkoba kichwani, mkono mmoja umeshika mkoba na wa pili umeshika msuli, kwa sababu heshima ya idara ilikuwa inaninginia.

Nilipofika, Amne alikuwa ameshaingia chumbani. Mwanamke mmoja akanipokonya mkoba, mlango ukafungwa usoni mwangu. Nikabaki barazani na mume wa Mwatum, kijana anaitwa Hasan, ambaye hajui la kufanya na mikono yake. Ndani Mwatum alikuwa akilia kwa sauti ya juu. Kisha akanyamaza, na kule kunyamaza kukawa kubaya zaidi kuliko kulia. Hasan akaishika mikono yangu miwili, inanuka mafuta ya taa, akaibana kifuani mwake, akasema, "Mungu akulipe, mzee. Umemleta mkunga mpaka hapa kwa miguu yako. Mwengine asingefanya."

Ndugu wananchi, mimi ni mtu wa kupokea shukurani. Nimepokea shukurani za visima nilivyovikuta vimeshachimbwa. Lakini siku ile, mikono yangu imo ndani ya mikono ya yule kijana, nilitafuta takwimu, nilitafuta muktadha, nilitafuta hata salamu za idara, sikupata kitu. Nikatazama chini, na nikaona nimetoka nyumbani peku.

Kisha mtoto akalia. Kwanza kidogo, kama paka, halafu kwa hasira. Hasan akakaa chini palepale.

Amne akatoka baada ya muda, mikono imelowa mpaka viwikoni. "Wa kike," akamwambia Hasan, "na mama yake mzima, ingia." Hasan alipoingia, Amne akakaa barazani karibu yangu. "Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingo," akasema. "Katoka buluu, shemeji. Ningechelewa kidogo tu..." Akaweka uso wake kwenye mtandio akalia, na mimi nikenda nikamtekea maji ya kunywa, jambo ninalolitaja hapa kwa kuwa ndiyo kazi pekee ya maji niliyoifanya sawasawa siku ile.

(Mshereheshaji anagonga kipaza sauti kuhakikisha bado kinafanya kazi. Mtoto mchanga analia upande wa kinamama, Mwatum anamnyonyesha.)

Kinafanya kazi, kiache.

Kwa muktadha huo basi, mabibi na mabwana, pailoti yetu imekuwa na mafanikio makubwa. Mosi, pikipiki ilisafishika kwa kiwango cha kutoweza kutembea, na chombo kisichotembea hakichafuki. Pili, mkunga alifika kwa mzazi bila ya kutumia hata tone moja la mafuta ya petroli, jambo ambalo wenzetu wa mazingira wamelisifu. Tatu, fundi wa Mwanakwerekwe aliyeifungua pikipiki ile alisema hajapata kuona chombo kilichozama nchi kavu, kwa hiyo tumechangia pia katika kukuza ujuzi wa mafundi wetu.

(Amne: "Na pesa ya fundi nimelipa mimi!")

Ushiriki wa sekta binafsi, ahsante shemeji. Hivi sasa pikipiki ipo barabarani, imekwenda Buyu mara nyingi, na ufunguo wake hukaa shingoni kwa mwenyewe, mchana na usiku, hata akiwa anakoga.

Sasa niwaeleze tunakokwenda. Tutajenga vituo vya kisasa vya kuoshea pikipiki Mtoni, Mwanakwerekwe na hapa Chukwani, na Mji Mkongwe tutakuwa na kichochoro maalumu ambamo pikipiki itaingia upande mmoja ikiwa chafu itokee upande wa pili inameremeta, pamoja na dereva. Kila nyumba itapewa mpira wa maji, mswaki, na mafunzo.

(Sauti: "Lini?")

Ndani ya mwaka wa fedha.

(Sauti: "Upi?")

Utatangazwa. Sasa naomba tusimame. Nikisema "Pikipiki safi!" nyinyi mseme "Maisha safi!" Pikipiki safi!

(Umati: "Maji safi!")

Si hivyo. Pikipiki safi!

(Umati, kwa nguvu zaidi: "Maji safi! Bombani!")

Nimewasikia, kaeni. Nimalizie kwa shukurani. Nawashukuru wafadhili wetu wa ndani na wa nje, ambao tutakapowapata tutawafikishia shukurani hizi. Namshukuru mwenye kiwanja hiki kwa kutukubalia kusimama, na namhakikishia tutakuwa tumeondoka kabla ya laasiri, aweze kuendelea na ujenzi wa nyumba yake. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru shemeji yangu Amne, mwasisi wa haya yote. Tulipokuwa tunarudi kutoka Buyu siku ile, yeye mbele, mimi nyuma, aligeuka akaniuliza, "Hivi, shemeji, nani alikutuma uiguse pikipiki yangu?" Nami nikashika neno la kwanza lililonijia, nikasema, "Ni mradi." Akauliza, "Mradi gani?" Nikamtajia jina lake lote, vilevile kama mnavyolisoma kwenye bango hili. Yeye akamwambia dada yake, dada yake akamwambia sheha, sheha akauliza ofisini unazinduliwa lini, na ofisini kila mkubwa akaona haya kusema kuwa yeye haujui. Ndipo tukafika hapa tulipo leo. Mradi wenyewe bado tunautafuta, na mwananchi yeyote atakayeuona mahali atoe taarifa kwa sheha wake.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.