Yai la Madam

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Balaa! Gideon, keateka anayetunza ploti yetu ya kupanga hapa Kitengela, amemwona Madam. Madam ni kalunguyeye niliyemkuta Ijumaa amelala ndani ya kiatu changu cha gambuti, ametulia na miiba yake kama mpangaji aliyemaliza kulipa kodi. Nampenda sana. Gideon amesema sheria iko kwenye geti: mnyama ndani ya nyumba marufuku, kuku uani ruksa. Madam aondoke kufikia Jumapili, la sivyo tuondoke wote wawili. Nikauliza kuku wa jirani yangu Mbeke wana cheo gani. Akasema kuku hutaga. (Yeye hupelekewa yai kila asubuhi. Ploti nzima inajua.)

Nikakaa na simu. Kumbe Australia kuna mnyama wa miiba anayetaga mayai! Anaitwa ekidna. Hunyonyesha, lakini hana chuchu. Maziwa humtoka kwenye ngozi kama jasho. Nimemwambia Gideon kwamba Madam ndiye ekidna, nikamweleza yote, na hilo la chuchu pia, ajue nimesoma. Anataka kuona yai.

Jumanne, 8 Aprili

Nimenunua mayai ya kware dukani kwa Yarow. Yarow akauliza kama niko na presha siku hizi, maana wateja wake huyala kama dawa. Nikamwambia niko na akili. Nimeyapanga kwenye katoni anamolala Madam siku hizi, juu ya nyasi. Gideon aliyatazama, akavua kofia, kisha akaenda kuyakaanga. Anasema ni matamu kuliko ya Mbeke. Ushindi!

Alhamisi, 10 Aprili

Gideon sasa anataka mayai kila siku. Mbeke amenuna, maana mayai yake hayaulizwi tena. Ameuliza uani, watu wakisikia, mbona mayai ya Australia yana madoa kama ya kware wa Yarow. Nikamjibu kwamba wivu ni ugonjwa. Madam anakula vizuri na amenenepa. Raha hiyo.

Jumamosi, 12 Aprili

Aibu! Gideon alikuja kuchukua mayai yake, Mbeke akimfuata. Kwenye katoni: vitoto vinne, vyekundu, havijafumbua macho. Na Madam anatafuna kitu. Mbeke, aliyekulia Makueni akichunga mbuzi, akasema hilo ni kondo la nyuma, ndilo lililolisha watoto tumboni mpaka wakakomaa, na kwamba tangu azaliwe hajaona yai lenye kondo la nyuma.

Sikukata tamaa. Nikasema basi Madam ni jamii ya kangaruu: huzaa mtoto akiwa bado mdogo mno, akamalizia kukua kwenye mfuko wa mama. Mbeke akaomba kuonyeshwa mfuko. Madam, msaliti, akalala ubavu na kunyonyesha mbele ya mkutano. Mfuko hakuna. Chuchu tele. Gideon akanirudishia maneno yangu ya Jumatatu, hakuacha hata moja!

Jumapili, 13 Aprili

Asubuhi nilifunga virago. Sufuria, gambuti, katoni. Niliumia, lakini Madam na watoto wake hawangeenda peke yao. Gideon alikuwa tayari ameshika kufuli ya geti. Mbeke akasimama katikati. Akamwambia kwamba kwao mzazi hafukuzwi, awe na miiba au asiwe nayo, na kwamba tangu Madam aje mende wamepungua jikoni. Akaongeza kwamba yai litarudi kesho asubuhi. Hapo Gideon akalegea. Tukae mpaka watoto waache kunyonya. Nilifurahi nikamkumbatia Mbeke. Akanisukuma.

Sasa ni jioni. Nimekula ugali na sukuma, vitoto vimelala, moyo umetulia. Nimeenda kuisoma tena ile sheria kwenye geti. Inakataza mnyama ndani ya nyumba. Haisemi chochote kuhusu mnyama mfukoni! Basi nimeshona mfuko wa kangaruu kwenye koti, hapa tumboni, nikamtia Madam kujaribu.

Uuwi, miiba! Lakini mpango wenyewe hauna kasoro. Kesho nitavaa makoti mawili.