Gitaa Lililolazwa Mbulu

Nicodemo hakualikwa kwenye harusi ile ya Endagikot. Tuseme mapema ili heshima ya bwana harusi isiguswe. Alikuwa anapita zake, akasikia harufu ya pilau, miguu ikamkosea adabu, na punde akawa amekaa meza moja na wajomba wa bibi harusi, akiwapa pole kwa safari ndefu ambayo hawakusafiri.

Ndipo mzee Sulle, mwenyekiti wa kwaya, akasimama kutoa nasaha. Mzee Sulle hawezi kutamka neno "uvumilivu" bila kurudi nyuma hatua moja, na siku hiyo alikuwa na mengi ya kusema kuhusu uvumilivu. Alirudi, akarudi tena, mpaka makalio yake yakalikuta gitaa la umeme la kwaya lililoegeshwa kwenye kiti. Likaanguka kwenye saruji. Kona yake ya chini ikapasuka, na kipande cha mbao cha ukubwa wa kijiko kikarukia chini ya meza ya keki, ambako mbwa wa jirani alikikuta na kuondoka nacho.

"Upepo," alisema mzee Sulle, ukumbini, madirisha yakiwa yamefungwa.

Letisia, mpiga solo wa kwaya, aliinama akaliokota. Lilikuwa gitaa la marehemu baba yake, aliyelipiga miaka yote na kulikabidhi kwa kwaya alipoona nguvu zinamwisha. Mwezi uliofuata kwaya zilikuwa zikutane Katesh, na wimbo wa Endagikot ulianza na gitaa hilo peke yake. Binti yule alitaka kulia, akajizuia kwa sababu ilikuwa harusi ya watu.

Nicodemo hakumwona Letisia. Aliona mbao. Pale rangi ilipobanduka palitokeza mbao ya zamani, nzito, iliyokauka vizuri, na mara akamkumbuka Yakubu, mwenye hoteli Babati, anayetundika magitaa ya kale ukutani na kuyanunua bila kuuliza yametoka wapi. Nicodemo akaacha kutafuna. Kwa wanaomfahamu, hiyo ni dalili mbaya sana.

"Shikamoo mzee," alisema, akifuta mikono.

"Marahaba," akajibu mzee Sulle.

"Poleni kwa upepo. Mimi ni daktari."

"Daktari wa nini?"

"Wa magitaa."

Ukweli ni kwamba Nicodemo alikuwa seremala. Aliwahi kutengeneza milango Dongobesh, tena milango mizuri, mpaka alipogundua kuwa kusukuma maneno hakuchoshi kama kusukuma randa. Sasa aliligonga gitaa kwa kidole, akaweka sikio, akatikisa kichwa kama mtu anayeficha habari kwa huruma.

"Ufa umeingia ndani. Nikiziba juujuu, leo litaimba, kesho litakohoa. Hili ni la kulazwa."

"Kulazwa?" Letisia aliuliza.

"Wiki mbili hivi. Chumbani kwangu, Mbulu mjini." Kisha akamnong'oneza mwenyekiti: "Likitoka, mzee, hakuna atakayekumbuka kama ulikuwa upepo au kitu kingine."

Mzee Sulle alikubali papo hapo kwa niaba ya kamati nzima, ambayo ilikuwa bado inakula.

Mpango ulikuwa rahisi. Mnadani Katesh Nicodemo alinunua gitaa bovu la umbo lilelile, ambalo mwili wake ulikuwa wa chipubodi, yaani vumbi la mbao lililogandishwa. Angeyapaka yote mawili rangi nyekundu moja. La chipubodi lingerudi Endagikot, na likigoma kulia angesema limepata ulemavu. La marehemu lingekwenda Babati.

Kosa lake lilikuwa neno moja. Alisema "kulazwa" mbele ya watu wa Endagikot.

Siku ya tatu baada ya harusi, asubuhi, mlango wa chumba chake uligongwa. "Hodi! Tumekuja kumwona mgonjwa."

Alikuwa mama Oliva wa sauti ya pili, na nyuma yake nusu ya kwaya, na chupa za chai, na uji, na makande kwenye hotipoti. Kule kwao mgonjwa aliyelazwa haachiwi daktari peke yake. Lazima awepo wa kumuuguza, na zamu zilikuwa zimeshapangwa.

"Lakini ni gitaa, mama," alisema Nicodemo.

"Si wewe ndiye uliyesema amelazwa?"

Mama Oliva aliomba ufunguo wa pili, ili wauguzaji wasimsumbue daktari, akaufunga kwenye upindo wa khanga yake.

Walifagia, wakachota maji, wakaosha vyombo, wakakunja suruali zake. Kisha walikaa kwenye benchi, wakamtazama. Na kila asubuhi waliuliza: "Kidonda mbona bado kiko wazi?"

Afanye nini? Akatoa vifaa. Alisafisha ufa, akaingiza gundi, akaubana kwa klampu. Akachonga kipande cha mninga, akakijaribu kwenye pengo, akapunguza kidogo, akajaribu tena mpaka kikakaa. Palipobaki upenyo alijaza vumbi la mbao lililochanganywa na gundi, akaacha likauke, akapiga msasa mkali, kisha laini, mwisho akalipaka gitaa zima rangi nyekundu. Mikono iliyokuwa imekaa likizo miaka mingi ilirudi kazini bila kumuuliza. Siku moja alijikuta anapiga mluzi, akashtuka, akaacha.

Siku ya usafi mkubwa mama Oliva alivuta kitu chini ya kitanda.

"Na huyu?"

"Huyo..." Nicodemo alikohoa. "Wa Balangdalalu. Ana hali mbaya."

"Hana ndugu?"

"Hana."

"Masikini!" Na sala ya siku hiyo ikawa ndefu kuliko kawaida, kwa sababu mgonjwa asiye na ndugu anahitaji zaidi.

Letisia alifumba macho kama wengine, ila si yote mawili. Rangi ya mgonjwa wa Balangdalalu, iliyopakwa usiku wauguzaji wakiwa wameondoka, ilikuwa mbichi, nyekundu ileile, na kona yake ilikuwa na kiraka palepale alipoumia mwenzake.

"Kaka Niko," aliuliza taratibu baada ya amina, "Balangdalalu nako kulikuwa na upepo?"

Nicodemo alicheka muda mrefu kuliko swali lilivyostahili.

Jioni ya mwisho aliyatia magitaa kwenye viroba. La marehemu alilifunga kwa kamba ya bluu, la chipubodi kwa kamba ya mkonge. Zamu ilikuwa ya Letisia, aliyeleta kuku.

"Kula kaka, umekonda kwa kuuguza."

Nicodemo alitoka nje kunawa mikono. Aliporudi alimkuta Letisia anafagia ile pembe yenye viroba. Akala mpaka mifupa ikabaki myeupe.

Alfajiri alilaza kiroba cha mkonge kitandani, akakifunika blanketi kwa heshima zote, akabeba cha bluu na kupanda basi la Babati.

Yakubu alilishika gitaa, akaligeuza, akakwaruza rangi kwa ncha ya ufunguo. Zikamwagika chenga za njano, kavu kama mkate wa juzi.

"Hii ndiyo mbao ya zamani?" Yakubu si mtu wa kucheka, kwa hiyo aliita wafanyakazi wote wa jikoni waje kumsaidia.

Simu ikalia. Alikuwa Letisia.

"Shikamoo kaka Niko."

"Marahaba," ulimi ulijibu wenyewe.

"Tumekuja kumtoa mgonjwa. Tumemkuta kitandani, kafunikwa vizuri, mzima kabisa. Na yule wa Balangdalalu naona umempeleka mwenyewe. Una moyo."

"Dada, zile kamba..."

"Zilifunguka nilipokuwa nafagia. Si nilizifunga sawa?"

Upande wa pili Letisia aliweka simu chini, akaanza kulipiga gitaa. Nicodemo alilisikia lote, kutoka mwanzo wa wimbo, sauti safi isiyo na mkwaruzo hata pale chini palipopasuka. Kiraka kilikuwa kimeshika. Aliona aibu, akaona hasira, na katikati ya hizo mbili akaona fahari, ambayo ndiyo iliyomuuma zaidi.

"Limepona," alisema kwa sauti ndogo.

"Limepona, kaka. Baba angekushukuru." Hapo sauti ya Letisia ilikatika kidogo, na simu ikachukuliwa.

"Daktari!" Alikuwa mzee Sulle. "Sifa zako zimefika mpaka Mogitu! Gitaa la besi la kwaya yao limetafunwa na panya ubavu mzima. Wameshafika hapa kwako, mama Oliva amewafungulia. Rudi haraka."

"Mzee, mimi kwa sasa..."

"Usijali chakula, wamekuja nacho. Mgonjwa wao ana hali mbaya," alisema mzee Sulle, "kwa hiyo wamebeba na magodoro."