Nilivyomtembeza Mama Mkwe Mikokoni

Jamani, leo nimeadhirika. Nawaandikia jioni hii hii kabla hamjayapata kwa watu wa feri, maana wao wataongeza chumvi, na hili halihitaji chumvi.

Mnajua mama yake Mwende, mchumba wangu, amekuja kutoka Machakos kuniona, kabla hajakubali binti yake aolewe. Ni mkulima, mpole, haongei sana. Tangu juzi ananitazama tu (kama mtu anayetazama ng'ombe sokoni). Nikaona nimpe jambo la kusimulia kwao. Nimpeleke kwa mtumbwi hadi vijito vya mikokoni, kule ndani ya hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, ambako maji yametulia na ndege ni wengi. Mwende akakataa kuja, anaogopa maji. Tukabaki wawili.

Jirani yangu Kahindi, mwenye mtumbwi, akaniambia maji yameanza kupwa, ama nisubiri alasiri ama niende naye. Nikamjibu kwamba mimi ni mzaliwa wa Kibarani. (Ni kweli. Lakini ni fundi cherehani. Maji niyajuayo ni ya kuoga.)

Nusu saa ya kwanza nilikuwa sultani. Nikapiga kasia, nikamwonyesha ndege, nikamtajia majina yao. Mengine niliyabuni. Mama akatazama mizizi ya mikoko iliyoanza kuonekana, akauliza kama maji hupungua. Nikamwambia asiwe na shaka.

Tukaingia kijito chembamba. Kikazidi kuwa chembamba. Mtumbwi ukakwaruza chini, ukasimama. Nikasukuma kwa kasia, wapi! Maji nayo yakawa yanaondoka taratibu, mbele ya macho yetu.

Nikashuka kusukuma. Nikazama hadi kiunoni. Kila nikijitikisa, tope linanivuta. Kaa wakatoka mashimoni kunitazama.

Mama akasema kwa upole, "Charo, tulia. Hata ng'ombe akikwama hivyo huambiwa atulie."

(Ng'ombe tena.)

Akalala kifudifudi mtumbwini, akanishika makwapa, akavuta. Mkwe wangu huyo, ambaye tangu afike namwamkia kwa mbali, nimeinamisha kichwa. Nikatoka. Suruali haikutoka. Suruali mpya, niliyoishona usiku na mchana kwa ajili ya ujio wake, imebaki topeni pamoja na mshipi.

Hakucheka. Laiti angecheka. Aligeuza uso, akavua leso aliyojitanda, akaninyooshea bila kutazama.

Tulikaa pale tangu saa nne hadi saa kumi, tukingoja maji yarudi. Mtu na mama mkwe huzungumza nini, mtu mwenyewe kavaa leso ya mama huyo? Tulizungumza habari za mahindi.

Maji yalipojaa nilikuwa hoi, mbu wamenimaliza. Mama akachukua kasia mwenyewe, nami nikakaa mbele kama bibi harusi. Pa kushukia pa karibu palikuwa gati ya feri. Feri ilikuwa upande wa pili, na basi zima la abiria limeshuka kuingoja.

Nikapita katikati yao. Mmoja wa kinamama wauza korosho akasoma kwa sauti maandishi ya leso, yaliyokuwa yamenikaa sawasawa matakoni: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Hata dereva wa basi alilazimika kuketi chini. Kahindi, aliyekuwa pale akitutafuta, aliniuliza tu kama ndege walikuwa wazuri.

Nyumbani nilijifungia chumbani, nikijua uchumba umekwisha. Nikawasikia wakizungumza uani. Mwende alikuwa anaomba radhi kwa niaba yangu. Mama akamkatiza.

"Olewa naye, mwanangu," akasema. "Huyu hata akitaka kukukimbia, hafiki mbali."

Basi harusi ipo, na nyote mmealikwa. Ila atakayecheka nikiingia, pilau hali.