Moyo wa Mnyamwezi na Magunia Matatu ya Karanga

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Barua kutoka Uingereza. Profesa hanikatai wala hanikubali. Digrii yangu ya Makerere inatosha, anasema, lakini hajapata kuona mwanamke wa Tanganyika akiomba kusomea digrii ya pili katika mambo haya, yaani jinsi moyo, pumzi na misuli vinavyofanya kazi mwili unapotaabika. Kwa hiyo nimpelekee jaribio nililofanya mwenyewe. Hajapata kuona! Mimi pia sijapata kumwona yeye, na sikumdai jaribio.

Lazima liondoke na treni ya Jumatatu, tarehe 18. Nikichelewa, Januari nahamishiwa Kaliua kufundisha wasichana kushona. Imakulata, mwalimu mwenzangu ninayekaa naye nyumba moja, amekwisha kupata nafasi yake. Anakwenda Uingereza kusomea upishi. Atavuka bahari kujifunza kuchemsha viazi, na hakuna aliyemdai hata kiazi kimoja cha majaribio.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wazo. Wazungu hupima wanafunzi wao wakikimbia chumbani. Mimi nina njia ya zamani ya misafara, na watu ambao babu zao walibeba pembe mpaka pwani. Watabeba gunia la karanga kila mmoja, kutoka Kwihara hadi Ipuli. Nitawatangulia kwa baiskeli na kuwapima mapigo ya moyo kila kituo. Karanga ni za Mama, za mbegu, bado zina maganda. Amenipa shingo upande.

Wabebaji ni Lugembe na Ngollo, vijana wa jirani, na Babu Masolwa, baba yake Mama. Babu sikumwita. Alikuja mwenyewe, akasema yeye alibeba pembe kabla reli haijafika, na hawezi kukaa barazani huku mkewe anabebewa mizigo na watoto. Mkewe ni mimi. Ameniita hivyo tangu nizaliwe na hataki kuacha.

Jumatano, 6 Agosti

Anatakiwa msimamizi wa kutembea na mizigo, mtu asiye na upande. Lugembe alimtaja kaka yake. Ndugu! Nimekataa. Nimemchagua Shaban, karani wa stesheni. Ni Mzaramo, mtu wa pwani, hana shangazi wala shamba hapa Unyamwezini. Alikubali kabla sijamaliza kueleza.

Imakulata aliuliza kama kweli nimemweka Mzaramo alinde mizigo ya Wanyamwezi. Nikamjibu kwamba utani ni wa misibani na kwenye pombe, na hii ni sayansi. Akasema haya, Mwalimu. Nimeona wivu mwingi, lakini sijapata kuuona ukivaa aproni.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku kubwa. Nilipima magunia Kwihara, yote mazito sawasawa. Niliwakataza wabebaji kusema neno lolote hadi mwisho, maana maneno huharakisha moyo.

Kituo cha kwanza, mioyo inakwenda mbio, kama vitabu vinavyosema. Kituo cha pili, baada ya kisima, mioyo imetulia. Kituo cha tatu, Ipuli, ajabu. Babu alifika anaimba, gunia begani, na moyo wake ulikuwa wa mtu aliyelala usingizi. Ngollo alikuwa anatabasamu. Nilimkemea, kwa sababu kutabasamu nako ni kazi ya misuli.

Shaban alitokwa na jasho kuliko wabebaji wote. Mtu mwaminifu.

Jumapili, 10 Agosti

Sikusikia hata neno la mahubiri. Nilikuwa naandika kichwani. Hitimisho: mwili wa Mnyamwezi hupumzika kwa kubeba. Vitabu vya Ulaya vitaandikwa upya.

Nilimsomea Imakulata. Akauliza kama niliyapima tena magunia mwisho wa safari. Nikamwambia gunia halina moyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudisha karanga kwa Mama. Akafungua gunia la kwanza, akatia mkono, akatoa maganda. La pili, maganda. La tatu, maganda na kofia ya stesheni.

Mama akauliza nani alisimamia. Nikasema Shaban. Akasema, "Yule Mzaramo?" Kisha akakaa chini akacheka mpaka akashika ubavu. Mbegu yake imeibiwa, naye anacheka!

Babu alijua. Wote walijua. Pale kisimani Wazaramo wa stesheni walikuwa wamekaa wakingoja na magunia ya maganda, wakasema ni ushuru wa kupita, wakabadilisha. Nilipomuuliza Babu kwa nini hakuniambia, alijibu kwamba mkewe alimkataza kusema. Halafu, kitu alichochukua mtani kimekwenda, hakidaiwi. Akaanza kunieleza kwamba utani huu ulizaliwa njiani, na kwamba Mnyamwezi ana mtani kila mahali misafara ilipopita, Wagogo, Waluguru, Wazaramo, akaendelea. Sikungoja amalize. Nimechana ripoti.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda stesheni. Nilimwambia Shaban mbele ya abiria wote kwamba ni mwizi, na kwamba amenipokonya Uingereza. Alinisikiliza kwa heshima, akauliza kama nimekasirika kweli. Nikasema kweli. Akageuka na kuwatangazia wenzake, "Jamani, mtani amekasirika!" Wakashangilia kana kwamba treni imewahi.

Kumbe anayekasirikia utani hutozwa faini. Jogoo mmoja. Nilidhani Babu atanitetea. Babu ndiye aliyemchagua jogoo, akachagua wangu mwekundu, na akabaki kumla pamoja nao. Imakulata aliombwa ampike. Alimpika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili. Kosa lilikuwa moja tu, msimamizi. Jaribio litarudiwa keshokutwa, na bado nitaiwahi treni ya Jumatatu. Mama ametoa magunia mengine matatu, haraka mno, huku ameficha mdomo kwa khanga.

Safari hii nimetafuta mtu mzito, asiyecheka ovyo na asiye Mzaramo. Nimempata: Bwana Anselm wa posta. Mkatoliki safi, ametoka mbali, Uluguru, hana upande wowote. Nilipomwambia Imakulata, alilazimika kuepua sufuria na kukaa. Mwache acheke. Nitamwandikia kutoka Uingereza.

Bwana Anselm amekubali mara moja. Aliuliza swali moja tu, kama karanga ni mbichi au zimekaangwa. Hatimaye nimepata mtu anayejali mambo madogo madogo.